Ng'ambo ya Nani? Mtaa na Macho ya Watazamaji Wake katika Maandishi ya Unguja

Maneno ya mahali katika Kiswahili ni ya namna mbili. Yako yatajayo kitu kilivyo, kama mlima, kisima na gulio; na yako yasiyofahamika mpaka ijulikane msemaji amesimama wapi, kama huku, kule na ng'ambo. Neno ng'ambo halitaji mto wala bahari. Lataja upande wa pili wa maji kwa kadiri ya mtu aliyesimama upande wa kwanza, na mtu huyo avukapo neno hugeuka pamoja naye. Lakini katika kisiwa cha Unguja neno hili lilikoma kugeuka. Likawa jina la mitaa mingi iliyo mashariki ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na ardhi nyingine ya kisiwa. Watu waliozaliwa humo, wakaoana humo na kuzikana humo, walijiita wakazi wa Ng'ambo. Maana yake, wakazi wa upande wa pili wa mahali wasipokaa.

Insha hii yakusudia kuchunguza jinsi sehemu moja ya mji, iliyosifika kwa ufukara na vurugu, ilivyoonekana mbalimbali machoni pa watu kwa sababu ya asili zao, malezi yao na haja zao. Mashahidi nitakaowaita ni wanne. Wa kwanza ni mchora ramani aliyeandika kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Wa pili ni mwandishi wa wasifu, Shaaban Robert. Wa tatu ni mwandishi wa riwaya, Adam Shafi. Wa nne ni Abdulrazak Gurnah, ambaye mtaa wake wa kubuni si Ng'ambo, lakini wafanana nayo kiasi cha kutufaa katika kulinganisha. Baina yao nitaweka ushahidi wa wimbo mmoja wa Siti binti Saad. Kusema kwamba macho ya watu hutofautiana ni kusema neno ambalo kila mtu alijua kabla hajaenda shule. Yampasa mhakiki aende mbele zaidi, apime ni haja ipi iliyomfumbua mtazamaji macho, na ni haja ipi iliyomfumba.

Kabla ya kuwasikiliza mashahidi, yafaa tupajue mahali penyewe. Mji Mkongwe ulijengwa juu ya rasi ndogo, na nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Daraja lilivuka hori, na jina la Darajani limebaki mpaka leo. Upande wa pili nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti, na baadaye madebe yaliyokunjuliwa na mabati. Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa, wengi wa walioachwa huru walihamia huko kutoka mashamba na kutoka nyumba za mabwana zao. Walikuwako pia wachukuzi wa bandarini, mafundi, wachuuzi, Wangazija, Washihiri, na watu wa bara wa makabila mengi. Hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na barabara ikapita juu yake. Maji yameondoka, jina limebaki. Na kubaki kwa jina baada ya sababu yake kutoweka kwatuonya ya kuwa halikuwa jina la maji tu.

Jambo moja zaidi lataka kukumbukwa. Mkazi wa Ng'ambo aliweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi. Kuta na paa vilikuwa vyake, bali uwanja ulikuwa wa tajiri fulani au wa wakfu, naye alidaiwa kodi ya ardhi iliyo chini ya miguu yake. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi hiyo, na ugomvi ule ukawa mmoja katika mikubwa ya watu wa mjini dhidi ya wenye mali na serikali katika zama zile. Basi tusemapo mtaa wa vurugu tuulize kwanza vurugu hiyo ilihusu nini. Machoni pa askari, watu waliokusanyika barabarani mwaka ule walikuwa ghasia. Machoni pao wenyewe walikuwa wapangaji waliochoka.

Tazama tena majina. Mtu wa Mji Mkongwe alikuwa na neno moja, Ng'ambo, nalo lilimtosha. Lakini aliyekaa huko hakuweza kuagizana na mwenziwe kwa neno hilo, kwa maana lisingemfikisha popote. Yeye alisema Mwembetanga, Mwembeladu, Miembeni. Alisema Kikwajuni na Michenzani. Alisema Vikokotoni, Gulioni, Kisimamajongoo. Ni majina ya miembe, mkwaju na michenza, ya changarawe, ya soko na ya kisima. Aliyeyatoa aliijua miti mmoja mmoja, na alikijua kisima hata wadudu wake. Majina hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya wenyeji juu ya mtaa wao, na kila atakaye kujua Ng'ambo ilionekanaje kutoka ndani na aanze nayo. Wa nje huona kitu kimoja kikubwa. Wa ndani huona vitu vidogo vingi. Tofauti hii itatufuata katika kila kitabu tutakachokifungua.

Sasa na aje shahidi wa kwanza. Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza, H. V. Lanchester, alichapisha mpango wake wa mji wa Unguja. Mtu wa kazi ile hutazama kutoka juu, kama ndege. Hofu kubwa za watawala wa miji ya zama zile zilikuwa tatu: moto, maradhi na fujo. Mwenye hofu hizo akiitazama Ng'ambo huona makuti yanayoweza kuwaka, njia nyembamba zisizopitisha gari, na umati usiohesabika. Hatuna haki ya kusema kwamba aliyoyaona ni uongo. Makuti huwaka, na maji machafu huleta maradhi kwa maskini kabla hayajamfikia tajiri. Lakini kutoka juu hazionekani baraza. Haijulikani ni njia ipi iliyoachwa nyembamba ili wanawake wa nyumba mbili wapate kusemezana, wala ni uwanja upi ulioachwa wazi kwa sababu ndipo panapochezwa ngoma na kusalia maiti.

Wataalamu wa siku za karibu wameirudia habari hii kwa makini. Garth Myers, katika kitabu chake Verandahs of Power cha mwaka 2003, ameonyesha kuwa makao ya Ng'ambo yalikuwa na utaratibu wake, uliofuata uwezo, desturi na imani za watu. William Bissell naye, katika kitabu cha mwaka 2011, ameonyesha kwamba mipango ya kikoloni ilikuwa mingi na utekelezaji wake haba, na kwamba machafuko mengi yalikuwa katika ofisi za serikali yenyewe. Kwa hiyo waliotumwa kuondoa fujo za Ng'ambo walikuja na fujo zao katika mafaili.

Lugha yetu ina jambo la ajabu hapa. Humwita mpangaji mtu apangaye mji, na humwita mpangaji mtu apangaye chumba. Neno ni moja, watu ni wawili, na historia ya Ng'ambo kwa sehemu kubwa ni habari ya wapangaji wawili wasioonana. Mmoja ana ramani, mwingine ana siku ya kodi. Nitalitumia neno hili tena mwishoni.

Shahidi wa pili hakutumwa na serikali kupima mtaa. Shaaban Robert alitaka kumsifu mwanamke. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kufa kwake Siti, na tangu hapo umekuwa miongoni mwa nathari zinazopendwa sana katika lugha yetu. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi. Alikuja mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay ambako sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri. Alidharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, naye akashinda dharau kwa sauti na tabia.

Mwandishi alizaliwa upande wa Tanga, akatumikia serikali kwa miaka mingi, na katika maandishi yake yote alitafuta mfano wa adili wa kuwapa wasomaji. Hiyo ndiyo haja yake, na haja hiyo imempa jicho kali la kuona utu mahali ambapo wengine waliona udhalili. Hapo sifa yake ni kubwa. Lakini haja ile ile imemfanya aupite mtaa upesi. Katika wasifu ule macho yetu huongozwa kwa Siti mwenyewe, kwenye majumba ya wakubwa na safari ya Bombay, na Ng'ambo yabaki kama giza ambalo taa yake iliwashwa ndani yake. Twastaajabia mwanga; hatuulizi mafuta yalitoka wapi.

Swali hilo limejibiwa na Laura Fair katika Pastimes and Politics, kitabu cha mwaka 2001, alichokitunga kwa msaada wa kumbukumbu za wazee wa Unguja pamoja na nyaraka. Humo twamwona Siti akiimba nyumbani kwake Ng'ambo, na watu wakija kusikiliza. Habari za nyimbo nyingi zilitoka katika mambo ya mtaa: mashauri ya mahakamani, ulevi, dhuluma ya wakubwa, mapenzi na hadaa. Waliomsikiliza walijua nani atajwaye hata alipofichwa kwa mafumbo. Basi mtaa ulioonekana na wengine kuwa pango la wahuni ulikuwa kwa Siti hazina ya maneno na baraza la wasikilizaji wajuzi, wa kumsifu na wa kumkosoa. Hakuvuka hori kwenda kutafuta sanaa. Aliivusha kutoka Ng'ambo kwenda kwa wenye majumba, nao wakailipia.

Katika nyimbo hizo mmoja wahusu shauri letu moja kwa moja, nao ni wimbo wa Kijiti. Wasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye mimba, aliyechukuliwa katika starehe ya usiku akauawa. Aliyetenda alikimbilia bara. Wanawake wenyeji waliokuwa pamoja na mgeni walifika mbele ya hakimu kueleza waliyoyajua, wakaishia kuadhibiwa wao kwa ajili ya pombe. Hapo twaona maana ya macho katika mambo ya damu. Mahakama iliwatazama wanawake wa Ng'ambo ikaona kwanza ulevi, na ilipokwisha kuuona ulevi haikuwa na nafasi ya kuona ushahidi. Mtaa uliwatazama wanawake wale wale ukaona wenyeji waliofiwa na mgeni wao. Mwuaji hakupatikana, walioadhibiwa ni wale waliopatikana karibu. Haya si matokeo ya macho dhaifu tu. Ni matokeo ya jina baya la mtaa kuingia katika chumba cha hukumu kabla ya shahidi mwenyewe.

Shahidi wa tatu ana nafasi kubwa kuliko wote, kwa kuwa riwaya yaweza kuingia nyumba nyingi kwa siku moja. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, yatuchukua katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Amkimbia. Jamaa zake wamfungia mlango, kwa sababu mke aliyemwacha mume ni fedheha ya ukoo. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika akaaye Ng'ambo.

Mwandishi amelifanya hori kuwa kipimo cha watu wake. Kwa malezi ya Yasmin, Ng'ambo ilikuwa mahali pa watu wasiofaa kuchanganywa nao. Sasa dharura yamvusha, naye agundua ya kuwa nyumba za mawe zenye milango ya nakshi zilijua zaidi kufunga, na kile kibanda kilijua kufungua. Lakini Yasmin hakuwa mtaalamu wa haki za wanadamu. Alikuwa mkimbizi, na mkimbizi hupenda mahali panapompokea. Lau jamaa zake wangemfungulia, yamkini angaliishi mpaka uzeeni akiamini aliyofundishwa juu ya Ng'ambo. Riwaya hii yatuambia, kwa upole, kwamba maoni yetu mengi juu ya mitaa ya wengine hukaa salama kwa sababu hatujapata shida ya kutupeleka huko.

Wengine nao wana macho yao. Denge, kijana apiganiaye uhuru, aona katika vichochoro vile maficho na jeshi: mahali pa kukutana, pa kuficha makaratasi, pa kupata watu wasio na cha kupoteza. Inspekta Wright aona tundu la wafitini. Hawa wawili hawashangazi, maana mmoja ni mpinzani wa serikali na mwingine ni mtumishi wake Mwingereza. Anayeshangaza ni Koplo Matata. Yeye si mgeni wa nchi. Aijua lugha, azijua njia, ajua mtu fulani hukaa wapi na hupita wapi jioni. Kwa asili yuko karibu na Denge kuliko Wright. Lakini mshahara umempa macho ya Wright, na ujuzi wake wa mtaa amekuwa akiuuza. Hapa yatupasa tuirekebishe hoja iliyozoeleka, kwamba mtu huona kwa kadiri ya alivyolelewa. Malezi humpa mtu vitu vya kuona. Kazi yake, hofu yake na tumaini lake ndivyo vimwambiavyo afanye nini na alivyoviona.

Kwa sababu hii naiweka riwaya ya Adam Shafi juu ya maandishi mengine niliyoyataja. Haikutuchagulia jicho moja. Imeyaweka macho mengi katika uchochoro mmoja, ikayaacha yagombane. Hata hivyo ina upungufu, nao si mdogo. Mwajuma, mwenyeji wa wote, hatazami. Hutazamwa na Yasmin, hupitiwa na Denge, hupelelezwa na askari. Bali ni mara chache sana tunapoambiwa yeye mwenyewe aonaje. Alipomwona msichana wa Kihindi mlangoni alifikiri nini juu ya kinywa kimoja zaidi? Je, hakuogopa majirani? Hakuona uzito wa kuficha mtu atafutwaye na serikali? Ukarimu wake umechorwa kama chemchemi, ambayo haina haja ya kujazwa. Ni sifa nzuri kwa chemchemi, lakini si haki kwa mwanadamu.

Nimeliona jambo hili likijitokeza kwa wanafunzi kila nisomeshapo riwaya hii. Aliyekulia katika nyumba ya wazazi wake husifu moyo wa Mwajuma, akaandika mengi juu ya udugu wa wanyonge. Aliyekulia katika chumba cha kupanga huuliza kwanza: kodi yalipwa na nani? Aliyelelewa na mama pekee hutaka kujua mlango hufungwaje usiku. Na mwanafunzi wa shamba, ambaye kwake mjini kote ni ugenini, haoni tofauti kubwa ya Ng'ambo na Mji Mkongwe. Wote kwake ni watu wanaonunua maji na kuni. Kila mmoja amesoma kitabu kile kile, na kila mmoja amenifundisha kitu ambacho sikukiona. Mwalimu anayetaka jibu moja kutoka darasa la namna hiyo atapata jibu la wenye sauti kubwa.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba wa nje huona ubaya na wa ndani huona uzuri. Shahidi wa nne amekuja kutuzuia tusifike haraka katika raha hiyo. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana mkimbizi, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure ya mwaka 1987, imewekwa katika mji wa pwani usiotajwa jina, na kijana wake, Hassan, akaa katika mtaa wa mafukara uitwao Kenge. Hassan ni wa ndani kabisa. Hakuja kwa ramani wala kwa shida ya siku moja. Naye hapasifu. Aona uchafu, ukatili, wanyonge wakiumizwa na walio wanyonge kidogo kuliko wao. Na nyumbani kwao kuna baba ambaye mkono wake ni mzito. Haja yake ni moja: kuondoka. Atafuta safari, masomo, na msaada wa mjomba tajiri wa Nairobi.

Yawezekana tukamshuku Hassan, tukasema ya kuwa atakaye kuondoka hupachafua apaachapo ili kuagana kusimwume. Shaka hiyo ina haki yake. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemnyima sikio yule anayelihitaji zaidi. Mtaa unaomfungulia mlango mkimbizi waweza, usiku ule ule, kumfungia ndani mtoto anayepigwa. Na majirani walioko barazani wakasikia, wakasema ni mambo ya nyumba ya watu. Udugu wa Mwajuma na ukatili wa Kenge havikanushani. Huishi ukuta kwa ukuta. Asomaye Adam Shafi bila Gurnah atakuwa na mtaa wa nyimbo, na asomaye Gurnah bila Adam Shafi atakuwa na mtaa wa vilio. Wenyeji wanaishi katika yote mawili na hawakupewa nafasi ya kuchagua kitabu.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutumika kumnyamazisha mgeni, na mara nyingi hustahili. Lakini imesema nusu ya jambo. Aliyelala kitanda kimoja tangu utotoni huzoea kunguni mpaka haamki tena wamumapo, na mtu wa namna hiyo hawezi kutuambia idadi yao. Mgeni wa usiku wa kwanza ndiye anayepiga kelele. Kwa hiyo ushahidi wa mkaaji na ushahidi wa mgeni vyahitajiana, kwa sharti kwamba mgeni awe amelala, asiwe amechungulia dirishani.

Historia yenyewe imetupa jaribio la hoja hii, tena kubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wengi wa wenye nyumba za Mji Mkongwe waliondoka, na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Familia za Ng'ambo na za mashamba ziliingia katika vyumba vya matajiri wa jana. Mvua ziliendelea kunyesha, matengenezo yakapungua, nyumba zikaanza kuanguka. Katika miaka ya 1970, huko Ng'ambo, majumba marefu ya ghorofa yalikuwa yakiinuka Michenzani, kwa mpango uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na nyumba za udongo zikabomolewa ili kuyapisha. Basi kwa muda wa kizazi kimoja sifa zilihama. Mahali pa fahari pakawa mahali pa kuta mbovu na msongamano, na mahali pa vibanda pakawa mfano wa maisha mapya. Kisha upepo ukageuka tena. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, watalii wakaja, na magofu yale yale yakaitwa hazina.

Mawe hayakubadilika. Waliobadilika ni wakaao ndani yake, watazamao kutoka nje, na wenye uwezo wa kuandika orodha. Na wale waliohamishiwa ghorofani? Wako waliofurahia maji ya bomba na taa za umeme, na wako waliosikitikia uwani na baraza. Nina hakika kwamba wote wawili walisema kweli, na kwamba mpangaji mwenye ramani hakuwa na mstari wa kuandika masikitiko ya aina ya pili.

Nirejee sasa kwenye wapangaji wawili. Tumeona ya kuwa mtaa mmoja waweza kuwa tatizo, giza, kimbilio, jeshi, tundu la wafitini na kifungo, kwa kufuata haja ya atazamaye. Je, yote ni sawa? Sikubali. Maoni yaweza kupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni gharama: mtazamaji akikosea, nani atalipa? Lanchester hakulala katika nyumba aliyoishauri serikali juu yake, na hakimu wa shauri la Kijiti alirudi nyumbani kwake jioni. Mpangaji wa chumba akikosea juu ya mtaa wake hulipa kwa mali yake, na pengine kwa mwanawe. Ujuzi uliolipiwa namna hiyo wastahili kusikilizwa kwanza. Mizani ya pili ni upana: je, mtazamaji ameacha nafasi ya mwingine kuonekana na kuona? Kwa mizani hii Shaaban Robert ana mtu mmoja mkuu na mtaa mdogo. Gurnah ana uchungu wa kweli wa mtu mmoja. Adam Shafi ana watu wengi, ila amemsahau mwenye nyumba. Riwaya ambayo Mwajuma ndiye atazamaye, akahesabu wageni wake na senti zake na hofu zake, ingeziba pengo ambalo nathari yetu imeliacha wazi. Naamini ataiandika mtu aliyewahi kudaiwa kodi.

Jambo hili lawahusu wanafunzi wetu zaidi ya mtihani. Katika miji mingi ya Tanzania watu bado wasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ingawa serikali iliyogawa maeneo hayo imekwisha kuondoka. Jina Uswahilini hutajwa mara kwa dhihaka na mara kwa mapenzi, na kwa kawaida yategemea kama msemaji amelala huko. Majina hayo husafiri katika barua za kuomba kazi, katika vituo vya polisi, katika ofisi za mikopo na katika vikao vinavyoamua nyumba zipi zibomolewe. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza msimulizi amesimama wapi atalisikia jina la namna hiyo likitamkwa kikaoni, naye ataweza kuuliza swali hilo hilo.

Katika miaka ya karibuni idara ya mipango miji ya Zanzibar, pamoja na washirika wake wa Uholanzi, ilifanya kazi ya kuandika majengo, viwanja na kumbukumbu za upande ule wa hori. Mradi uliitwa Ng'ambo Tuitakayo. Ni jina zuri, na ni mara ya kwanza niionapo ramani ya rasmi ikianza na nafsi ya kwanza wingi. Lakini msomaji wa fasihi hawezi kulipita bila kuligusa kiambishi chake. Hilo tu- la nani? Likiwa ni la mpangaji mwenye ramani peke yake, Ng'ambo itabaki ng'ambo. Likimchukua na Mwajuma pamoja na deni lake la kodi, hapo huenda jina likapata kugeuka tena, kama neno hili lilivyogeuka zamani kila mtu alipovuka maji.